Sahihi ya Mama Katika Daftari la Kinanda

Harufu ya rangi ya mafuta ikinifikia popote, hata nikiwa kazini na fundi anapaka milango, vidole vyangu huanza kuchezacheza vyenyewe. Mnisamehe, ni mazoea ya utotoni. Nilijifunza kinanda juu ya ubao uliopakwa rangi, nyumbani kwetu Milanzi, miaka ile ya ruksa, wakati vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa wasafiri tu vilipoanza kupanda malori ya Tunduma na kutufuata hadi Sumbawanga.

Kinanda cha kwaya yetu nacho kilikuja kwa lori. Kilikula betri kubwa sita, na betri hazikupatikana kirahisi, kwa hiyo Mwalimu Anselmi, aliyetufundisha kwaya, alikipiga Jumapili tu. Sisi wanafunzi wake watatu alituchongea mbao na kuzichora funguo nyeupe na nyeusi, vipimo vilevile vya kinanda chenyewe, tukafanye mazoezi nyumbani. Kila mmoja akapewa na daftari lililopigwa mistari: tarehe, zoezi, dakika, sahihi ya mzazi.

"Ubao hausemi," alituonya, "lakini daftari litasema."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na wiki mbili za mwanzo nilifanya kweli. Nilikaa barazani, upepo wa Julai ukinikata masikio, nikigonga ubao huku nikiimba noti kwa mdomo, na kuku wakinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Kisha wasichana wa jirani wakaanza kucheza rede kila jioni. Ubao nikauegesha ukutani. Daftari, hilo sikulisahau. Kila siku niliandika dakika thelathini, na mara mojamoja, ili nionekane mkweli, ishirini na tano.

Baba alishinda Laela wiki nzima akinunua mahindi, hivyo sahihi ilikuwa ya mama. Mama hakupata kusoma. Mwanzoni aliweka alama ya msalaba. Baadaye akaniomba nimwandikie jina lake, Yustina, pembeni ya ukurasa, akawa analinakili, kichwa kainamisha, ulimi nje kidogo, ugali unapoa. Ile S ilimgeukia nyuma siku nyingi. Mimi nilisimama pale nikiomba amalize upesi, maana kadiri alivyokawia ndivyo uso wangu ulivyozidi kuwaka.

Jumamosi moja Mwalimu akakagua madaftari. Langu ndilo lililojaa kuliko yote.

"Jumapili ijayo Veronika atapiga wimbo wa matoleo," akatangaza mbele ya kwaya nzima. "Beti zote nne."

Wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani, nikaenda moja kwa moja ukutani kuchukua ubao. Haukuwepo. Nikatafuta chini ya kitanda, nyuma ya magunia, jikoni.

"Unatafuta nini?" mama akauliza.

"Ubao wangu."

"Nimezibia mlango wa banda la kuku. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita."

Hakupandisha sauti. Nikakaa chini palepale nikalia, nikamwambia yote: rede, dakika thelathini, beti nne. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Yako imeishia bandani kwa kuku."

Nilingoja kofi. Badala yake alinawa uso, akajifunga kitenge safi, akachukua daftari. "Twende."

Mwalimu tulimkuta uani kwake akimenya viazi.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama akasema.

"Milele amina. Karibu, Mama Vero."

"Mwalimu, huyu hakufanya mazoezi. Na mimi nilijua, nikatia jina langu. Kosa ni letu wawili."

Alimkabidhi daftari kwa mikono miwili. Mwalimu akalifunua ukurasa baada ya ukurasa, taratibu, akikaa zaidi kwenye safu ya mwisho, ile ya sahihi. Niliona wazi kwamba atalichana.

"Vero, unaweza kupiga nini, kwa kweli?"

"Ubeti wa kwanza. Mkono wa kulia tu."

"Basi tutaanzia hapo. Jumapili nitapiga mwenyewe." Akapiga mstari chini ya uongo wangu wa mwisho, kisha akamrudishia mama daftari. "Endelea kutia sahihi, Mama Vero. Ila kwanza msikie akigonga."

Jamani, sijui niwaelezeje wepesi ule. Jumapili niliimba sauti ya kwanza nikiwa nimejificha nyuma ya wenzangu warefu, na sijawahi kuimba kwa furaha kama siku ile.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama mwenyewe, nilimuuliza mama yangu kwa nini alikuwa akitia sahihi hali anajua. Alicheka, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Ningekukemea, ungeacha kuniletea daftari. Na S ilikuwa bado inanigeuka."

Siku zote nilijihesabu mimi ndiye niliyekuwa na cha kupoteza Jumamosi ile. Kumbe aliyebeba daftari kwenda kwa Mwalimu, bila kujua kama atarudi nalo, alikuwa yeye. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo kwa utoto wangu sikulitilia maanani: tukiwa njiani kurudi, daftari kalikumbatia kifuani, mama yangu, ambaye hakuwa mwanakwaya, alikuwa anaimba.