Cherehani ya Mama Chiriku

Mama Chiriku alikuwa dobi, na mikono yake ilizijua nguo za watu kuliko wenyewe wanaozivaa. Alijua nani anajifutia mdomo kwa mkono wa shati, na ni bwana gani suruali zake zimepanuliwa kiuno mara tatu huku akiapa kwamba hajanenepa. Lakini kushona? Kifungo tu, tena kwa kununa. Nguo ikichanika, kwa fundi, naye arudi kwenye pasi yake.

Aliyemtoa kwenye pasi ni bintiye wa pekee, huyo Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu utotoni mdomo wake haukujua kupumzika. Alipoanza kurefuka mgongo wake ulipinda, bega la kulia likapanda juu ya la kushoto. Daktari alisema hautamdhuru, ila hautanyooka. Mwenyewe hakujali sana, mpaka alipochaguliwa kwenda sekondari na sare ikanunuliwa. Gauni lilipanda juu ya goti upande mmoja, likaning'inia hadi katikati ya muundi upande wa pili, kola ikamkaba. Alijitazama, akalivua, akalikunja vizuri kabisa.

"Mama, mimi shule siendi."

Alisema mara moja tu, na hilo ndilo lililomtisha mama. Mtoto anayepiga kelele utambembeleza. Anayekunja nguo kimya kimya amekwisha kuamua. Kufungua shule ilikuwa bado miezi kadhaa, basi mama akamshika mkono wakaenda kwa mafundi. Wa kwanza alipima, akaguna, akasema, "Mwambie asimame wima," kana kwamba binti hana masikio. "Hiyo ndiyo wima yake," mama akajibu, wakatoka. Wa pili alimwita mwenzake aje aone. Huyo tumwachie Mungu. Tangu siku ile Chiriku aliapa hatakanyaga tena mlango wa fundi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kesho yake mama alikwenda kwa Mzee Futi, fundi mmoja ambaye yeye mama alimfulia nguo miaka mingi, na ambaye futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Wengine walidai hulala nayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Chiriku. Umeniletea mashati?"

"Leo nimejileta mwenyewe. Nifundishe kushona."

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Umri huu?"

"Itakayoshona ni mikono, mzee, si umri."

Akaanzishwa kwenye karatasi, bila uzi, afuate mistari iliyochorwa. Cherehani ya kukanyaga ina kiburi chake: mguu ukikosea kidogo, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Siku moja alishona kitambaa cha mteja pamoja na upindo wa gauni alilovaa, akainuka kumpokea mgeni huku akiburuta kazi nzima nyuma yake. Siku nyingine alishona mikono miwili ya blauzi, yote ya kushoto. "Mteja wa hii tutamtoa wapi?" aliuliza Mzee Futi. Mama Chiriku alicheka mpaka machozi, akafumua, akaanza upya. Alikuwa na ukaidi wa mtu anayejua kinachomsubiri nyumbani.

Mkono ulipokolea, alimpima Chiriku nyumbani, akakata, akashona gauni. Likapinda vile vile. Akashona la pili, kwa kitambaa kingine. Nalo likapinda. Binti alilivaa ili kumridhisha mama yake, kisha akalivua.

"Asante, Mama. Usijisumbue tena."

Heri angemtukana. Mama alirudi kwenye kufua na kupiga pasi. Katika kukunja nguo ndipo alipokutana na gauni la zamani la Chiriku, lile la kushindia. Nguo zote za watu zilikunjika nusu kwa nusu, mshono juu ya mshono. Hili lilikataa. Lilikuwa limevaliwa hadi likashika umbo la mwili wake, na nusu zake mbili hazikulingana hata kidogo. Alilikunja tena, likakataa tena. Akaiacha pasi, akaenda kwa Mzee Futi karibu mbio.

"Mzee, kwa nini tunakunja kitambaa ndipo tukate?"

"Ili mkasi upite mara moja, upate pande mbili. Mtu ana pande mbili zinazofanana."

"Wangu hana."

Mzee aliusukuma mkasi pembeni. Kisha akaipiga meza kwa kiganja. "Basi chake tunakikunjua! Kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto. Lakini itabidi umvalishe, ubane pini, ufumue, umvalishe tena. Mlete hapa."

"Hapa? Mbele ya wateja? Hatakuja."

"Kama haifuati cherehani, cherehani itamfuata yeye," alisema Mzee Futi, akaenda kuvaa viatu vyake vya kutokea.

Walipofika kwenye duka la cherehani, moyo wa mama uliangukia cherehani ya kukanyaga, yenye meza ya kung'aa, droo mbili na maua ya dhahabu ubavuni. Muuzaji alipitisha kipande chake cha kitambaa, mshono ukatoka kama umepigwa rula. "Unaona, mama? Inajiendea yenyewe."

Mzee Futi akamnong'oneza: "Hicho kimetiwa wanga mpaka kimekuwa kadibodi. Hata mbuzi angekishona. Toa chako."

Mama akatoa kipande cha sare, akakikunja tabaka nne kama bega linavyokutana na kola. Ile ya maua ilipita vizuri, tusiisingizie. Ila alipoipima meza yake kwa mikono aliona kwamba chumbani ingekaa mahali pa kitanda cha Chiriku, na kitanda kingekaa hewani. Ya umeme ilifika penye unene ikaanza kuruka nyuzi, na hata isingeruka, umeme wa mtaani kwao ulikuja kama mgeni, kwa siku zake. Kwenye kona ilikuwapo ya mkono, rangi nyeusi imebanduka. Alizungusha mpini. Sindano ilipanda tabaka zote nne bila kulalamika, na alipotuliza mkono, ikatulia pale pale, si nukta moja mbele.

"Hiyo ni ya enzi za bibi zetu," muuzaji alimwonya. "Haina mbio."

"Mbio za nini? Ninakwenda begani tu."

Wasiwasi wake ulikuwa mmoja: mkono wa kulia ukizungusha, wa kushoto peke yake utakiweza kitambaa? Mama akasimama pale akipapasa ile rangi iliyobanduka, kisha akatoa akiba yake ya kufua, akaibeba ya mkono.

Wasiwasi haukuwa wa bure. Nyumbani kitambaa kilimkimbia kushoto, akakirudisha, kikakimbia tena. Chiriku alitazama kutoka kitandani, akavumilia, uvumilivu ukamwishia.

"Mama, unakiua. Sogea, nizungushe mimi."

Ikawa hivyo. Binti kwenye mpini, mama kwa mikono miwili kwenye kitambaa. Mchana baada ya mchana, mlango umefungwa, wakapima upande huu, wakapima ule, wakabana pini, wakafumua. Upindo waliupima kuanzia sakafuni kwenda juu, kama Mzee Futi alivyoelekeza, maana sakafu haina bega. "Taratibu. Simama. Rudi kidogo." Na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, mdomo wa Chiriku ukafunguka tena, mpaka mama akatamani ukimya japo wa dakika tano.

Asubuhi ya kufungua shule gauni lilikaa. Kola ilitulia, upindo ukamzunguka sawasawa. Chiriku alishika kioo kidogo cha ukutani, akakishusha polepole kutoka shingoni hadi miguuni. Akachukua mkoba, akatoka.

Mama alibaki mlangoni, mkono kifuani. Binti alifika kwenye kona, akasimama. Akageuka. Akaanza kurudi, tena kwa hasira. Basi, mama alijiambia, imeshindikana.

"Mama! Mfuko uko wapi?"

"Mfuko?"

"Wenzangu wote wana mfuko hapa kifuani! Kalamu niweke wapi, masikioni? Gauni gani hili halina mfuko? Nitachekwa mimi!"

Mama alimtazama. Akili yake yote ilikuwa imeishia begani. Mfuko haukumpitia hata ndotoni. Na tangu mgongo upinde, hakuwa amemsikia mtoto huyu akilalamikia nguo kwa jambo ambalo mtoto yeyote angelalamikia.

"Vua," alisema.

"Nitachelewa!"

"Utachelewa na mfuko wako. Vua."

Alikata kipande, akakaa kwenye cherehani, akaelekeza uzi kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni.

"Sasa unalia nini?" Chiriku aliuliza, akamnyang'anya uzi, akautunga mwenyewe, akashika mpini na kuanza kuzungusha, huku akilalamika kwamba mfuko uwe mkubwa, si vile vifuko vya watoto wadogo.