Madaftari Saba ya Idodi

Nilikuwa nimefundisha hisabati Ipogolo, Iringa, kwa miaka kumi na moja nilipopata nafasi ya kwenda Mbeya kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya data. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili aliniuliza, "Madam, hiyo sayansi inapikwaje?" Nikamjibu kwamba ni kuzifanya takwimu ziseme zinachokijua. Nilijivunia jibu hilo mwaka mzima. Siku hizi nikilikumbuka naona haya.

Darasani tulikuwa wachache, na wengi walikuwa vijana waliotoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza. Wao kompyuta walizaliwa nayo. Mimi nilijifunza kuandika programu kama mtu anavyojifunza baiskeli ukubwani, kwa kuanguka mbele za watu. Asubuhi za baridi za mwezi wa saba nilikaa darasani na kitenge juu ya koti, vidole vimekufa ganzi, nikitafuta mkato mmoja uliokosewa kwenye mistari mia mbili. Ila hisabati ilikuwa yangu. Muhula wa pili ulipofika, vijana wale wale walikuwa wakinisubiri nje ya maktaba niwaeleweshe.

Kwa tasnifu yangu nilichagua kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya hadi shamba linabaki kama limepitiwa na moto. Nilitaka kuunda modeli, hesabu ya kompyuta itakayomwambia mkulima akiotesha wakati gani atasalimika. Kazi hiyo inataka kumbukumbu za miaka mingi, na wakulima wetu wengi kumbukumbu wanazo kichwani tu. Nilizunguka vijiji viwili vitatu nikarudi mikono mitupu. Ndipo bwana shamba mmoja aliponiambia, "Nenda Idodi. Kuna mama pale, marehemu mume wake alikuwa anaandika kila kitu."

Nilimkuta kando ya mfereji, anapalilia. Nilimsalimu kwa Kihehe, "Kamwene," akafurahi, akaniuliza ukoo wangu kabla ya kuniuliza shida yangu. Madaftari aliyatunza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, panya wasiyafikie. Yalikuwa saba, moja kwa kila msimu. Matano ya kwanza yalikuwa mwandiko wa mumewe, aliyekuwa katekista, mwandiko mwembamba uliolala upande. Mawili ya mwisho aliandika mwenyewe baada ya kufiwa, kwa herufi kubwa kubwa, maana hakutaka kazi ile ikatike.

Kila kitu kilikuwemo: tarehe ya kuotesha, siku za mvua, siku mdudu alipoonekana, madebe yaliyovunwa. Na pembeni, pale penye mstari mwekundu, katekista alikuwa ameandika mambo mengine. *Leo mama watoto kacheka mpaka kakaa chini. Mtoto wa pili homa, nimebaki nyumbani. Tembo wamepita, wamekula mahindi ya jirani, sisi wametuacha, sijui kwa nini.* Kurasa na kurasa.

"Nakuazima," yule mama alisema. "Sijakupa."

"Nitayaleta mwenyewe, mama, kabla hujavuna."

Nilitumia wiki tatu kuyaingiza kwenye laptop. Namba zilikuwa na safu zao. Maneno ya pembeni hayakuwa na mahali pa kukaa, kwa hiyo nikayatengenezea safu yake, nikaiita Maelezo. Siku ya kuonyesha kazi, msimamizi wangu aliiona ukutani mbele ya darasa zima.

"Hii ni ya nini?"

"Ni maneno ya mkulima, Dokta."

"Na modeli yako itafanya nini na mama watoto kacheka?"

Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka. Alinieleza kwa upole kwamba nusu ya kazi yetu ni kusafisha data, na kusafisha ni kujua cha kutupa. Jioni ile niliifuta safu ile. Sikuhifadhi nakala, kwa sababu sikuona nakala ya nini. Madaftari yenyewe akaniambia nimwachie ofisini, yahakikiwe, mtahini wa nje asije akauliza.

Modeli ilifanya kazi. Alinisifu mbele za wenzake, akasema hajapata mwanafunzi mwenye nidhamu kama yangu. Baada ya miezi mitatu nilimwomba madaftari. "Yapo," alisema. Nilipouliza tena, ofisi ilikuwa inapakwa rangi na vitu vyote vimehamishwa. Nilimfuata karani wa idara, mwanamke wa rika langu, akafunga mlango ndipo akasema.

"Dada, mafundi walitoa maboksi ya makaratasi. Hakuna aliyekagua. Karatasi zikitoka hapa zinaishia sokoni, wanafungia karanga."

Nilirudi kwa msimamizi siku hiyo hiyo. Tasnifu yangu ilikuwa mezani kwake, inasubiri saini. Nilimweleza habari ya mjane, ya ndoo, ya ahadi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Madam, unataka kumaliza au unataka madaftari?"

Nikasema nataka kumaliza.

Akasaini. Nimejaribu mara nyingi kuwasimulia watu kwamba alinilazimisha, na kila mara nikifika hapo ulimi unakuwa mzito. Aliniuliza swali, nikalijibu.

Mama wa Idodi alinipigia mara mbili kwa simu ya jirani yake. Mara ya kwanza nilimwambia natahiniwa. Mara ya pili sikupokea. Nilihitimu, ndugu zangu wakaja kutoka Iringa, mama yangu akacheza na joho langu mabegani. Mavuno yalikuwa yamepita zamani nilipopata ujasiri wa kwenda. Nilichapisha majedwali yote, nikayajalidi vizuri mjini, nikapanda gari la Idodi.

Alikuwa anachuma nyanya za msimu mwingine. Aliponiona alinawa mikono, akaniletea kiti, akatazama kama nina mzigo mwingine zaidi ya mkoba. Nilimpa kile kitabu. Alikifungua taratibu, kidole kikishuka na safu.

"Hizi namba ni zetu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mdudu, mmemwonaje?"

"Ukichelewa kuotesha mpaka mwezi wa tano, anakushika zaidi."

"Hilo baba yao alilijua. Ndiyo maana tulikuwa tunaotesha wa tatu." Akafunga kitabu. "Madaftari yako wapi?"

"Yamepotea, mama."

Ng'ambo ya mfereji mtu alikuwa anafukuza ndege.

"Si uliyaandika yote kwenye mashine?"

"Namba zote niliandika."

"Na yale mengine?"

Ningeweza kusema mashine iliyakataa. Asingejua. "Niliyafuta," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei. "Picha yake ninayo moja tu," alisema, "ile ya kitambulisho cha kura. Hata hafanani." Kisha akaniuliza kama nakumbuka lolote kati ya yale aliyoandika. Nikamwambia la kucheka, la homa, la tembo. Aliyarudia moja moja kwa sauti ya chini, akasubiri. Nilitafuta jingine kichwani, sikulipata.

"Yalikuwa mengi," akasema.

"Yalikuwa mengi, mama."

Akainuka. Gari la nyanya lilikuwa linakuja saa nane na matenga hayajajaa. Kitabu alikiacha juu ya kiti. Sikujua kama nikichukue au nikiache, nikakiacha.

Nimerudi Ipogolo, nafundisha kidato cha pili. Mkuu wa shule amenikabidhi kupanga ratiba, kwa kuwa najua kompyuta. Mwezi uliopita msimamizi alinipigia nikiwa nasahihisha. Alisema makala yetu ya kantangaze imepokelewa na jarida, jina langu ni la tatu, na kwamba nikitaka shahada ya uzamivu mlango wake uko wazi. Nilimshukuru. Nilisema, "Asante sana, Dokta," kwa sauti ile ile ya darasani, kisha nikaendelea kusahihisha.

Idodi sijarudi. Likizo ikikaribia najiambia nitakwenda, niombe walau nikae nimsaidie kuchuma siku moja. Likizo inaisha, nami nimekuwa na shughuli.