Salfa ya Kando ya Barabara

Mwenyekiti wa kijiji alikuja alfajiri na vijana wenye mashine ya kupulizia salfa, akasema mikorosho yangu itapuliziwa bure. Bure? Nilimtazama kuanzia kandambili mpaka kofia. Ulikuwa wakati wa soko huria. Ruzuku ilishaondolewa, na salfa, ule unga wa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga usiunguze maua ya korosho, ilijaa dukani pale Mingoyo, sisi tunaipita tu. Kutwa redioni mkubwa wa nchi alikuwa akituambia tuvumilie, mageuzi ni dawa chungu. Uchungu tuliujua, dawa hatukuiona.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Mkubwa mwenyewe atapita hapa karibuni, mama. Shamba lako liko barabarani."

Bure ghali, nikajisemea. Nilidhani wanataka kuninyang'anya shamba aliloniachia marehemu mume wangu, kwa hiyo nikawafuata mti kwa mti nione kama kuna anayepima kitu. Wakapulizia miti yangu, ile inayoonekana ukiwa ndani ya gari. Walipofika mpakani kwa wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye shamba lake liko nyuma ya langu, wakazima mashine.

Wifi alikuwa amesimama hapo hapo mpakani. Maua yake yalishaanza kuwa meusi, na korosho ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na wajukuu zake. Hakugombana nao. Aliniambia, "Wifi, wewe utakuwa barabarani. Ukipata nafasi mwambie salfa irudi kwa bei ya zamani, maua yangu yanateketea." Nikamwahidi.

Kijijini watu walikuwa wakisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilinuna tu. Mgeni gani huyo, anapambiwa mpaka miti?

Siku ilipofika, magari yalisimama kweli mbele ya shamba langu. Akashuka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mheshimiwa." Akaitikia marahaba, akauliza, "Habari za hapa, mama?"

"Njema, tunamshukuru Mungu."

Sasa wewe niambie, ningejibu nini? Kwetu hata kama maiti iko ndani, unaanza na njema, unavuta pumzi, kisha unasema ila. Kila aliyelelewa anaujua utaratibu huo, na aliyeuliza husubiri. Yeye hakusubiri. Nafumbua mdomo, tayari anawaonyesha watu wa redio maua yangu, mara mlango wa gari umefungwa, nimebaki na vumbi.

Kesho yake jioni wifi alikuja kwangu kusikiliza taarifa ya habari, maana redio yake haikuwa na betri. Tukamsikia mkubwa kwa sauti yake mwenyewe: amefika kusini, ameiona mikorosho kwa macho yake, amewauliza wakulima wenyewe nao wamemwambia hali ni njema. Wanaolalamikia bei ya salfa, akasema, ni wavivu wachache.

Wifi akanigeukia. "Ulimwambia njema?"

"Nilimwambia njema."

Hakunilaumu, naye angejibu vivyo hivyo. Wala mimi sijilaumu. Hasira yangu iko kwa yule, mpaka leo. Watu husema masikini, mkubwa hakujua, wasaidizi wake ndio walimficha. Mimi hilo silikubali. Ni Mswahili kama sisi, ana mama aliyemfundisha salamu. Alijua kuna ila inakuja, ndiyo maana aligeuka upesi.

Salfa haikurudi kwa bei ya zamani. Maua ya wifi yakapukutika yote, na kabla ya mvua akaikata mikorosho yake akachoma mkaa. Nilimsaidia kuburuta magogo. Magunia akayapanga kando ya barabara, chini ya miti yangu, maana kwake hakukuwa tena na kivuli.