Aliyecheza Wimbo wa Masikioni Mwangu

Kama unataka kucheka, cheka kabisa sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Tena mchana kweupe, saa kumi alasiri, kule Chole ya Kisarawe.

Mimi ni DJ, kwetu Visiga. Kwa asiyeijua kazi hii: wimbo mmoja unapiga kwenye spika, na unaofuata unausikiliza peke yako kwenye hedifoni, uuweke sawa kabla hujauachia. Ndiyo maana hedifoni hazichaguliwi kwa rangi. Zangu za zamani zilivujisha sauti, kila aliyesimama karibu alijua ninachopanga. Wiki ile nikanunua nyingine, nzito, zinazobana masikio sawasawa. Dukani nilimwambia muuzaji asogeze sikio, nikafungulia muziki mpaka mwisho. Hakusikia kitu.

Chole nilikodiwa na Bi Mwanaidi, shangazi wa mwali, binti aliyekuwa amewekwa ndani kufundwa na siku hiyo anatolewa. Mwali akitoka ndani, abebwe mabegani, uwanja unatakiwa uwe umeshachangamka. Wangu ulikuwa umepoa. Napiga singeli, kina mama wamekaa na sare zao za kitenge, wanajipepea tu. Bi Mwanaidi akanijia.

"Mwanangu, mwali akikuta watu wamekaa hivi, sura yangu nitaificha wapi?"

"Nipe nyimbo mbili tu, shangazi."

"Mbili. Somo yake aliyemfunda ameshamaliza kumfukiza udi."

Niliona aibu, jamani. Nikavaa hedifoni nitafute cha kuniokoa. Hapo ndipo nikamwona mwanamke kando ya migomba, amejifunga kanga, anacheza peke yake. Nikafurahi, angalau nimepata mmoja. Lakini hakuwa anakwenda na spika. Singeli inakimbia, yeye anayumba taratibu. Na mimi masikioni nilikuwa nasikiliza taarabu.

Utasema imetokea tu. Hata mimi nilisema hivyo. Nikaweka ngoma ya mdundiko, masikioni tu, na miguu yake ikabadilika papo hapo. Nikaweka wimbo mwingine, akakunja uso na kutikisa kichwa. Niamini, vinyweleo vilinisimama na kicheko kikanitoka kwa pamoja. Ningekimbia? Niende wapi na spika zote zile?

Nikasema potelea mbali, namfuata. Anachokikataa nakiacha, anachokipigia vigelegele nakiachia uwanjani. Wimbo wa kwanza, kina mama wakainuka. Wa pili, hata wazee wa bao wakaacha kete zao wakaja kucheza. Mwali alipotoka, amebebwa mabegani, vumbi lilikuwa juu kabisa. Bi Mwanaidi alilia kwa furaha, nami nililia kidogo, sifichi.

Baadaye nikaweka masikioni wimbo mmoja wa zamani wa dansi, wenye gitaa tamu. Yule mwanamke akafumba macho. Nilipopeleka mkono niuachie, akayafumbua, akaweka kiganja kifuani kwake, akanikatalia kwa kidole. Nilimwelewa. Nyimbo zote za shughuli amenipa yeye, anataka mmoja tu wa kwake. Nikauacha upige masikioni mwangu mpaka mwisho, naye akaucheza wote. Ulipokwisha, kwenye migomba hapakuwa na mtu.

Nikamuuliza Bi Mwanaidi yule ni nani.

"Huyo huja kila mwali akitoka," akasema. "Umempigia wake?"

"Nimempigia."

"Basi umefanya la maana." Akarudi zake kucheza.

Tangu siku hiyo watu wa Kisarawe hawanipi nafasi ya kupumzika, kila shughuli wananitaka mimi. Ila wimbo ule siwezi kuupiga tena. Nilijaribu kwenye harusi moja Soga, bibi harusi ndiyo anaingia. Spika zote kimya, watu wananikodolea macho. Nikavaa hedifoni. Upo, unapiga vizuri kabisa, na ndani yake, kwa mbali, kuna mtu anapiga vigelegele.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, nunua hedifoni zinazobana upendavyo. Lakini ukimwona mtu anacheza kisichosikika, mpe wake mmoja, na ukishampa usiutake tena. Bibi harusi wa Soga hajanisamehe mpaka leo.