Samaki wa Ukutani kwa Bi Mwanatatu

Bi Mwanatatu hajui kuomba radhi. Nasema hivyo kwa kuwa nimekuwa jirani yake hapa Magongo, Changamwe, tangu hoteli yake ikiwa mabati matupu, na karakana yangu ya kuchomelea vyuma imepakana na jiko lake. Ukimwambia chai haina tangawizi, atakuuliza kama pua yako ni nzima. Ukimwambia chakula kimechelewa, atakujibu kwamba mwenye haraka na atafune mchele. Madereva wa trela wanaoshuka bandari ya Kipevu kuchukua makontena wanamwogopa, na kila wakipita wanarudi kwake, maana anayepika maharagwe ya nazi namna ile ana ruhusa ya kuwa mkali.

Mwaka huu ng'ambo ya barabara ikafunguliwa hoteli mpya yenye mapicha makubwa yanayowaka taa, na baadhi ya wateja wakaanza kuvuka. Nadira, binti wa dadake, ndiye anayehudumu mezani. Alimwambia khalati yake kuwa siku hizi watu hula kwa macho kwanza, na kwamba kwenye simu yake kuna akili unde inayochora chakula chochote ukitajacho. Mimi nilipinga. Niliwaambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba picha ya chakula kisichopikwa ni sawa na picha ya arusi ambayo hakuna aliyeoa. Hawakunisikiza. Mwanamume asiyejua kuchemsha yai hana kura jikoni.

Basi simu ikaambiwa ichore samaki wa kupaka. Akatoka samaki mzima, mnene, amefunikwa rojo la nazi linalong'aa, kichwa ni cha changu, mkia ni wa nguru. Bahari haimjui samaki huyo. Bi Mwanatatu alivaa miwani, akamtazama, kisha akamwambia Nadira amwongeze mwili kidogo. Nadira akamwongeza. Bango likachapishwa, likatundikwa juu ya mlango, na picha ikatumwa kwenye simu za wateja wote.

Ndani chakula kilibaki kilekile: vipande vya samaki wa kukaanga, maharagwe, mchicha, na pilau mwisho wa wiki. Dereva akimuulizia samaki wa ukutani, aliambiwa wamekwisha. Alicheka, akaagiza maharagwe, na hakuna aliyedhurika.

Mpaka Katana alipotaka kuoa.

Katana ni dereva wa trela, kijana mpole, amekula kwa Bi Mwanatatu tangu akiwa utingo. Alikuwa amempata msichana wa Kaloleni, Josephine, wakapendana. Kwao Josephine kulikuwa na tatizo moja tu: kijana huyu hakuwa na mtu. Wazazi wake walimfia angali mchanga, na nyanya aliyemlea naye akaja akafa. Mjomba wa msichana aliuliza, mtoto asiye na mtu, siku akikosea tutamshtaki kwa nani? Wakakubaliana kuwa kabla ya kusema lolote la mahari, mjomba na mama mtu watashuka Changamwe wamwone anaishi vipi. Wasiporidhika, mambo yangeishia hapo.

Katana anaishi katika chumba kimoja, kitanda na stovu. Akaona heri awakaribishe hotelini. Alikuwa njiani akitoka Malaba ile picha ya samaki ilipomfikia kwenye simu, akafurahi kweli. Akamtumia mama yake Josephine, na maneno haya: hiki ndicho mtakachokula, na aliyekipika ndiye anayenilisha mimi. Bi Mwanatatu hakuambiwa habari za samaki. Alipigiwa simu tu kuwa Jumamosi adhuhuri kutakuwa na wageni, awawekee meza ya ndani. Naye akapika pilau, tena ya nyama nzuri, akajua amemaliza.

Wakaja. Mama mtu, jina lake Nyevu, amejifunga leso mpya. Mjomba yumo ndani ya koti na joto lile. Walipofika mlangoni Nyevu alitoa simu yake, akaitazama picha, akalitazama bango, akatabasamu. Wakaketi. Nadira akaleta pilau.

Nyevu aliuliza kwa upole samaki yuko wapi, maana amewaaga majirani zake kwa habari za samaki huyo. Mjomba aliisogeza sahani kando, akaanza kumtazama Katana kama anayekagua mbuzi sokoni.

Katana akaja jikoni. Mimi nilikuwa mlangoni pale nikingoja chai yangu. Wala hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama kunaweza kupatikana samaki mmoja, hata mdogo, anayefanana na yule. Nilimhurumia mpaka nikasahau chai.

Nadira akasema jibu ni lilelile la kila siku, tuwaambie wamekwisha. Nami nikaunga mkono, kwa sababu sikuona njia nyingine.

"Nikisema wamekwisha, wataamini walikuwako," Bi Mwanatatu alisema. "Watarudi siku nyengine, na mtoto huyu atakuwa mwongo mara ya pili."

Akajifuta mikono, akatoka. Hoteli ilikuwa imejaa. Alisimama mbele ya meza ile, akawaamkia wageni vizuri, kisha akasema bila kupunguza sauti:

"Dada, samaki yule hayuko. Jana hakuwako, na juzi hakuwako. Amechorwa na simu, na mimi kwa tamaa yangu nikataka aongezwe mwili. Kijana wenu aliuamini ukuta wangu kwa kuwa chungu changu hakijapata kumdanganya. Aibu hii si yake, wallahi, ni yangu. Niwieni radhi."

Dereva mmoja wa meza ya pembeni alicheka kwa sauti. Bi Mwanatatu hakumgeukia. Alijua vyema kuwa kabla ya alasiri maneno yale yatakuwa yamevuka barabara hadi kule kwenye mapicha yanayowaka taa, na bado alisimama palepale, mikono imeshikana mbele, akingoja kusemwa. Nilimpenda mwanamke yule saa ile, na mke wangu akisoma hapa na asome.

Nyevu aliiweka simu yake mezani. "Huyu kijana ni nani wako?"

"Kwa damu si wangu. Anakula kwangu. Akiugua nampelekea uji, na akiwa safarini asipopiga simu, mimi silali."

Katana aliinamisha uso. Nadhani hata yeye hakuwa akijua hilo la kutolala, maana akirudi safari husalimiwa kwa kuulizwa mbona amenuka dizeli.

Mjomba akanyoosha mkono akairudisha sahani. Akaomba maji, akanawa, akala matonge kadhaa ya pilau taratibu. Tukawa tunamtazama sote, na yule dereva aliyecheka naye anamtazama.

"Sisi tulikuja kumtafuta mtu wake," akasema mwishowe. "Siku mtakayoleta mahari na dumu la mnazi, ile pombe ya desturi, aje mama huyu. Asimame mahali pa mamake."

Bi Mwanatatu alivuta kiti akakaa pale na wageni, jambo ambalo hafanyi kamwe saa za kazi, akamtazama Katana, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Nitakuja, inshallah," alisema. "Lakini hilo dumu la mnazi abebe mwengine."