Moshi Ulitoka Kulia, Mimi Nikafungua Kushoto

Kosa ni langu, wasomaji. Naanza na hilo, mtu asije akasema nimekuja hapa kumchafua mwenzangu. Alinisaliti, na nitaeleza alivyonisaliti. Lakini aliyeshika usukani ni mimi, na aliyemwambia Mama Veneranda apande ni mimi.

Nilikuwa dereva wa kamiyo, lori la mfanyabiashara mmoja wa hapa Gisenyi, kando ya ziwa. Asubuhi tunapandisha samaki Kanzenze, mchana tunateremsha viazi, wauzaji wamekaa juu ya magunia. Mama Veneranda, muuza samaki, ndiye aliyetuchekesha njia nzima.

Fundi wetu alikuwa Ramazani. Sisi wawili tulikuwa tumenywana: tulichanjana tumboni, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake. Padri wangu alikataza, shehe wake alikataza, tukanywana hivyo hivyo! Na mtu uliyenywana naye humchunguzi. Ukichungulia kazi ya mkono wake, ni kama umeitema ile damu mbele yake. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi nilishika hivyo.

Basi garnitiri za breki za nyuma zikaisha, vile vipande vinavyobana ngoma ya gurudumu, ikabaki chuma kukwaruza chuma. Patron, yule tajiri mwenye kamiyo, akaleta mpya. Akaleta na resori mpya, zile springi ndogo zinazorudisha garnitiri mahali pake ukiachilia pedali. Mimi nikafanya gurudumu la kushoto, Ramazani akafanya la kulia. Resori zake nilimpa mimi mwenyewe mkononi.

Mteremko wa kwanza tu, moshi!

"Dereva!" Mama Veneranda akapiga kelele kule juu. "Moshi iko inatoka huku! Unatukausha kama samaki?"

Watu wakacheka. Nikasimama, nikashika magurudumu kwa kiganja. La kushoto lilikuwa na joto la kawaida. La kulia liliniunguza, nikaruka nyuma.

Nilipomwambia Ramazani hakushtuka hata kidogo. "Bon, ni kitu mupya. Garnitiri mupya inatoa moshi, ni gundi yake inaungua. Itazoea."

Nisimwonee: ni kweli, mpya hufuka kidogo mwanzoni. Lakini zote mbili zilikuwa mpya! Kwa nini lifuke gurudumu moja? Swali hilo nilikuwa nalo kichwani, nikalimeza.

Badala yake nikajitilia shaka mwenyewe, kama kawaida yangu. Nikawaza, labda nilishika garnitiri na mikono yenye mafuta. Labda breki yangu haibani, ndiyo maana ya kulia inabeba kazi yote. Nikafungua la kushoto mbele ya watu wote wa karakana. Safi. Nikalifunga, sikulala vizuri, kesho yake nikalifungua tena. Safi! Ramazani amekaa pale anatafuna karanga, ananicheka: "We muoga! Sasa utaoa hiyo gurudumu?"

La kulia sikuligusa. Yewe! Hata kuliinua na kulizungusha kwa mkono, nione kama linakwama. Hata hilo sikufanya.

Siku ya soko Mama Veneranda alisimama na kikapu chake kitupu kando ya kamiyo, tayari kuteremka. "Mwanangu, ule moshi wa juzi uliisha?"

"Ni upya tu, mama. Panda."

Akapanda.

Chini ya Kanzenze harufu ikaanza, kisha moshi, kisha pedali ikalainika. Nikapiga tena na tena. Ikazama yote kama nakanyaga matope! Nikaligonga kamiyo kwenye ukingo wa mawe meusi ili lisimame, na likasimama. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini magunia ya viazi yalimwangukia Mama Veneranda, yakamvunja nyonga.

Patron alikuja pamoja na Ramazani. Gurudumu la kulia nililifungua mimi, sasa, wakati haisaidii tena. Ndani mlikuwa na resori za zamani, zimelegea, hazina nguvu ya kurudisha kitu. Garnitiri zilikuwa zimeganda kwenye ngoma safari nzima, joto likachemsha mafuta ya breki!

Ramazani akaniinamia sikioni. "Zile mupya nilimupa shemeji, gari yake ilikuwa imekwama. Nilizani za zamani zitavuta bado. Unisamehe, munywani wangu."

Namwamini. Hakutaka kuua mtu.

Patron akauliza: "Nani alifunga hii?"

Na Ramazani, aliyeninong'oneza sasa hivi, akainua sauti: "Patron, mi nilifunga yote muzuri. Ye ndiye alibaki anafungua-fungua. Uliza watu ya karakana."

Waliulizwa. Wakasema ndiyo, tulimwona anafungua. Hawakusema uongo! Nani angekumbuka ni upande gani? Ule woga wangu ulionifanya nijichunguze ndio aliougeuza kuwa ushahidi juu yangu. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu ya ile damu. Kumbe ilikuwa imenifunga mimi peke yangu.

Kamiyo nilinyang'anywa. Ramazani bado ni fundi pale, tukikutana anatazama ziwa.

Nilikwenda nyumbani kwa Mama Veneranda, mtaa wa Nengo. Amelala mkekani, binti yake ndiye anauza samaki sasa. Nilimweleza yote, habari ya resori, ya shemeji, ya damu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ya kwanza," akasema, "ulishika gurudumu. Niliona umeruka. Iliunguza?"

"Iliniunguza, mama."

"Basi ya Ramazani usiniambie mimi."

Nyinyi mnaoendesha watu, na nyinyi mnaofunga magari, nawaomba: gurudumu likikuunguza mkono, fungua hilo hilo. Aliyelifunga awe kaka yako, awe mtu uliyenywana naye. Akikasirika, akasirike. Mimi nilichagua kutomkasirisha Ramazani, na Mama Veneranda hatembei.