Nyimbo za Fanuel Zinahama

Fanuel wa Rodi Kopany ana spika nne, jenereta moja inayokohoa, na sifa ya kutowahi kukosea wimbo. Sifa hiyo si ndogo. Katika sherehe za huku kila kundi la wageni huingizwa langoni na wimbo wake, na nyimbo za benga, muziki wa magita wa Wajaluo, zimejaa majina ya watu: mwanamuziki humtaja aliyemfadhili, shemeji ya aliyemfadhili, na ikibaki nafasi, daktari wa meno wa aliyemfadhili. Ukimwingiza diwani wa zamani kwa wimbo unaomsifu diwani aliyemshinda, wali wa sherehe hiyo utausikia harufu tu. Fanuel alikuwa ameifanya kazi hii miaka ishirini na miwili, kwanza kwa kaseti, kisha kwa sidii, kisha kwa flashi na sasa kwa simu, bila kumwingiza mtu kwa wimbo wa adui yake.

Nyimbo zake mia sita na kumi na mbili zilikaa kwenye huduma moja ya muziki wa mtandaoni aliyoilipia kila mwezi. Siku moja wenye huduma wakamwandikia. Walimshukuru kwa uaminifu wake wa miaka mitano, na katika aya iliyofuata wakampandishia ada kwa shilingi hamsini. Hamsini haikumuuma. Kilichomuuma ni shukrani.

"Hama, Baba," akasema mwanawe Omondi kwa simu kutoka Isebania, anakotengeneza simu za watu wa pande zote mbili za mpaka. "Kuna nyingine bei iko chini. Na ina nyimbo za ohangla mpaka za juzi."

"Na nyimbo zangu?"

"Kuna programu ya kuzibeba. Unabonyeza mara moja, unakunywa chai, zinafika."

Fanuel akahama Jumatatu. Akabonyeza, akanywa chai, zikafika. Programu ilimjulisha kwamba nyimbo mia sita na tisa zimepatikana huko ziendako, na tatu hazikuonekana. Akaifuta huduma ya zamani siku hiyohiyo, kwa raha ya mtu anayemfungia mlango mgeni mwenye shukrani nyingi.

"Umezisikiliza?" mkewe Trizah akauliza.

"Zote mia sita?"

"Wuon Omondi, hata anayehama nyumba hukagua sufuria zake."

"Nimezihesabu. Ziko mia sita na tisa."

"Nimesema kukagua," Trizah akajibu, akaenda zake kuchambua mboga. Alikuwa ameolewa kwa muda mrefu na mtu asiyekosea, na alijua kwamba kubishana na watu wa aina hiyo hakufupishi siku.

Jumamosi ya wiki hiyo haikuwa Jumamosi ya kawaida. Omondi alikuwa amemwoa Bhoke, binti wa Kehancha, mahari ilikuwa imeshapelekwa, na sasa watu wa kwao walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza kuona boma alikokuja kuishi binti yao. Mkuu wa msafara alikuwa babu yake, Mzee Gisiri, mwenye umri wa miaka themanini na moja. Mzee huyu aliikubali mahari kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. Alikuwa amesema waziwazi kwamba atakuja kuwatazama Wajaluo hao kwa macho yake mwenyewe, na kwamba asipoheshimiwa, kwenye gari la kurudi kuna kiti cha Bhoke.

Bhoke hakulala vizuri wiki nzima. Fanuel alilala kama gogo, kwa sababu alikuwa na siri. Zamani Mzee Gisiri alikuwa mpigaji wa iritungu, kinubi kikubwa cha Wakuria chenye nyuzi nane, na mwaka wa sabini na nane alirekodi wimbo wa kumsifu fahali wake. Msamaria mmoja wa Kehancha aliutoa kwenye kaseti akautia mtandaoni. Fanuel aliukuta kabla ya kuhama, ukaishia kuchezwa mara kumi na moja, saba kati ya hizo akiwa ni yeye mwenyewe akijihakikishia. Babu angeingia langoni kwa sauti yake ya ujanani. Nani angekumbuka kiti cha kwenye gari?

Saa saba mchana magari mawili yakasimama nje. Wageni wakashuka, wakajipanga, Mzee Gisiri mbele na fimbo yake. Fanuel akatafuta jina la fahali, akalipata, akabonyeza. Iritungu ikanguruma kwenye spika zote nne. Wajaluo, wasioelewa hata neno moja, wakaanza kutikisa mabega.

Mzee Gisiri alisimama, mguu mmoja ndani ya lango, mmoja nje.

Bhoke akafika kwa Fanuel mbio, leso mkononi. "Baba, huyo si Babu."

"Jina ni lilelile."

"Jina ni la fahali. Anayeimba ni Mochama wa Sirare. Babu anasema yule alimwibia wimbo, na fahali pia akadai ni wake."

Fanuel akasogeza simu machoni. Chini ya jina la fahali, kwa herufi za ukubwa wa chawa, paliandikwa Mochama. Programu ya kuhamisha ilikuwa imetazama kichwa cha wimbo, ikaridhika, ikaendelea na mambo yake. Huko langoni Mzee alikuwa ameanza kugeuza shingo kuelekea magari.

Fanuel akauzima muziki.

Hapo inafaa kueleza kwamba katika nchi ya Wajaluo, muziki ukikatwa katikati hakuna anayedhani umeme umepotea. Watu hujua kuna mtu anataka pakruok: kujisifu, au kumsifu mwenziwe, kwa maneno makubwa kuliko mwili wake, kisha muziki uendelee. Umati ukatulia, ukangoja. Fanuel alichukua maiki bila kujua atasema nini, hali ambayo haijawahi kumzuia mtu yeyote kufanya pakruok.

"Mimi Fanuel," akasema kwa Kiswahili, lugha pekee ambayo pande zote mbili ziliweza kuivunja bila kulaumiana, "mimi baba ya Omondi, mimi jirani wa radi, jenereta ikilala mimi nakesha. Nilisikia Kehancha kuna mzee aliibiwa wimbo. Nikasema, mkwe wangu hawezi kuingia kwangu na kesi haijaisha. Nimemtafuta huyo mwizi. Nimemshika, nimemleta mpaka kwa lango. Mzee Gisiri, yuko hapa ndani ya spika. Mwadhibu vile unataka."

Mzee aliitazama spika ya kwanza, akaitazama ya pili.

"Yumo kwenye zote nne?"

"Zote nne, Mzee."

"Mrudishe mwanzo."

Akaingia. Akapewa kiti na maiki, na kila alipoinua fimbo, Fanuel alisimamisha muziki.

"Hapo," akasema Mzee. "Uzi wa tatu umelegea. Mtu wa uzi kama huo hafugi hata mbuzi." Akaruhusu uendelee, akainua tena. "Anasema fahali alikuwa mweupe. Alikuwa mwekundu. Mochama alimwona usiku, akienda kuiba kitu kingine."

Wajaluo, ambao wakionyeshwa pakruok huitambua hata ikija na mavazi ya kigeni, walishangilia kila pigo. Wimbo wa dakika sita ulichukua dakika hamsini. Kuku walipoa, wakapashwa moto, wakapoa tena. Karibu na mwisho fimbo ilipanda, ikakaa hewani kwa muda.

"Hapo amepiga vizuri," Mzee akasema, na kumrudishia Fanuel maiki. "Alikaa kwangu miezi miwili akijifunza hapo."

Akala vipande vinne vya kuku. Jioni alimwambia Bhoke kwamba boma hili lina watu wanaojua kushika mwizi, na viti vya magari vikarudi Kehancha kimoja kikiwa kitupu. Lakini kabla ya kupanda alimvuta Fanuel kando.

"Huyo Mochama amesikilizwa mara ngapi?"

"Elfu mbili na mia nne, Mzee."

"Na mimi?"

"Wewe umebaki kule nilikohama. Kumi na moja."

Mzee akagonga fimbo chini. "Basi rudi."

Sasa Fanuel analipia huduma mbili. Ile ya zamani ilimpokea kwa barua ndefu ya shukrani. Kwenye rafu yake iko simu iliyopasuka kioo, inayocheza wimbo wa fahali alioimba Mzee asubuhi hadi jioni bila sauti, na kila Jumapili baada ya kanisa Mzee hupiga simu kutoka Kehancha.

"Tumefika wapi, mkwe?"

"Mia tisa na arobaini, Mzee."

"Na yule?"

Vijana wa Rodi Kopany waliupenda sana wimbo ule siku ya sherehe, na Mochama amepita elfu tano.

"Tunamfuata, Mzee," hujibu Fanuel, mtu asiyekosea.